Wamekumbuka matango, fimbo wameisahau

Juzi asubuhi nilimkosea mke wangu na ndio maana naandika hii. Aliniwekea mbaazi za nazi na mahamri matatu na chai ya tangawizi, vile anavyoniwekea siku zote kabla sijatoa tuktuk, na mie nikaisukuma ile sahani nikasema kila siku mbaazi, kila siku mbaazi, nyumba hii hamna kitu kingine? Hakunijibu. Aliifunika bakuli akaenda kumvisha mtoto sare za shule, nami nikatoka na njaa yangu.

Mbaazi hazikuwa na kosa. Usiku wa kuamkia siku ile kuna jamaa tuliyekuwa naye Doha, kule Qatar, alinitumia meseji ya sauti ati kuna nafasi za ulinzi tena, ajenti anataka laki na nusu, na mie hesabu zikaniingia hapo hapo, niuze hii tuktuk niliyoimaliza kuilipa mwaka jana tu niende zangu. Nimelala naota eisi inapuliza usiku kucha, wali wa mandi siku ya Ijumaa, mshahara kuingia, picha za pale Corniche, ufukweni mwa Doha, nikituma nyumbani kila mtu anasema mashallah.

Na mie nimekaa kule miaka 2, ile kazi naijua! Tulikuwa wanaume 8 chumba kimoja, paspoti zetu ziko kwa mwajiri, masaa 12 umesimama getini na joto limepita digrii 40, na miezi ya kwanza karibu yote nalipa deni la ajenti. Babangu alifariki nikiwa huko. Mazishi ya kwetu hayangoji, nilijua simuwahi, lakini niliomba ruhusa angalau niipate hitma yake, kile kisomo cha kumuombea, nikaambiwa subiri, subiri, mpaka ikapita. Nililia chooni, nimefungulia maji yamwagike wenzangu wasinisikie, kwa sababu chumbani hapakuwa na pa kulilia. Haya yote usiku ule hayakunijia hata moja. Wali wa mandi ulikuja.

Ndio nikakumbuka Suratul Baqara, aya ya 61, Bani Israil wanamwambia Nabii Musa hatuwezi kuvumilia chakula cha aina moja, tuombee Mola wako atutolee mboga na matango na thomu na adesi na vitunguu. Naye akawauliza, mwabadilisha kilicho bora kwa kilicho duni? Mwenzangu mmoja wa steji ni Mkristo, nilipomsimulia akafungua Biblia kwenye simu yake akanisomea Hesabu mlango wa 11, na humo wanataja mpaka samaki, wanasema tunakumbuka samaki tuliokula Misri bure. Bure jamani! Watu walikuwa watumwa, Firauni anawaua watoto wao wa kiume, leo wako huru, mana, chakula cha kutoka mbinguni, inashuka hawajalima wala hawajapanda, na Misri wanaiita ya bure. Thomu wameikumbuka, fimbo ya msimamizi hakuna aliyeitaja. Nyama waliipata, kware mpaka wakarundikana, na mahali pale pakaitwa makaburi ya tamaa kwa sababu ya waliozikwa hapo.

Hapa nataka nieleweke vizuri kwa sababu kuna mawaidha mengine huwa yananikera, mtu ameshiba anamwambia maskini kinai, shukuru. Soma aya ya 60, moja tu kabla ya ile. Watu wale wale walikuwa na kiu wakaombewa maji, Musa akapiga jiwe kwa fimbo yake zikatoka chemchemi 12, kila kabila na yake, na hakuna aliyelaumiwa kwa kuomba maji. Kwa hiyo mfanyakazi anayedai mshahara wake, mama anayetaka mtoto apate dawa, kijana ambaye kweli hana kitu akaamua kusafiri, hao wana kiu na wana haki ya kuomba. Wazee wetu hapa Mombasa wamepanda majahazi kutafuta miaka na miaka. Mimi sikuwa na kiu. Nilikuwa na mana mezani, imepikwa kwa tui la kwanza, nikaitamani Misri.

Na nawaona wengi tu kama mimi, kijana wa Kisauni ana simu nzima inamfanyia kazi, anachukua nyingine ya mkopo wa kulipa kila siku, akikosa siku moja inajifunga, hana mpya hana ya zamani maana ashaiuza. Mamangu hupenda kusema usiache mbachao kwa msala upitao, nami nimeisikia tangu mdogo nikidhani ni maneno ya mikeka.

Siku ile saa nne njaa ikanishika niko Kongowea. Nikanunua mbaazi kwa mama mmoja pale sokoni, nikazila ndani ya tuktuk nimeinama, na kila tonge nikiiona ile bakuli iliyofunikwa nyumbani. Jioni nikamuomba mke wangu radhi. Akaniuliza, kwani siku hizi una nini baba fulani? Nikamwambia habari ya Doha yote, mpaka ile ya chooni ambayo sikuwahi kumwambia, na tuktuk nilivyotaka kuiuza. Alinyamaza sana, halafu akanishika mkono.

Yule jamaa nimemjibu leo baada ya swala ya alfajiri. Nimemwambia mie siji, ila wewe ukienda nitakuombea dua.