Emily Dickinson wa bure mtandaoni amepigwa pasi

Ukitafuta mashairi ya Emily Dickinson, mshairi wa Marekani, mtandaoni bila kulipa, mara nyingi unaletewa yale yaliyonyooshwa na wahariri wa 1890. Sababu ni hakimiliki. Toleo hilo la kwanza limeshakuwa mali ya wote, ilhali matoleo yanayofuata mkono wake, la Thomas H. Johnson (1955) na la R. W. Franklin (1998), yamelindwa.

Dickinson alifariki Amherst, Massachusetts, Mei 1886. Aliacha mashairi karibu 1,800, na yaliyochapwa akiwa hai ni machache mno. Mengi aliyanakili katika vijitabu 40 vya kujitengenezea: karatasi za barua zilizokunjwa, zikapangwa, zikatobolewa pembeni na kufungwa kwa uzi. Neno ambalo hakuliamua aliliwekea alama ya kujumlisha, kisha akaandika mbadala wake, mara nyingi chini ya shairi.

Wahariri wa 1890, Mabel Loomis Todd na Thomas Wentworth Higginson, waliamua kwa niaba yake. Walifuta vistari, wakapunguza herufi kubwa, wakabuni vichwa. Hayo ningeyasamehe, maana ndio waliomfikisha kwa wasomaji. Kilichoumia ni vina na mizani.

Chukua shairi ambamo Mauti anampitia msemaji kwa gari la farasi ("Because I could not stop for Death", namba 479 kwa Franklin, 712 kwa Johnson). Lina beti sita; mwaka 1890 zilichapwa tano. Uliotupwa ni wa nne, pale jua linapowapita na baridi kumkuta msemaji katika nguo nyepesi. Beti nyingine huenda mizani 8, 6, 8, 6, kama nyimbo za kanisani. Huo unakwenda 6, 8, 8, 6: mwendo unageuka palepale safari inapogeuka. Katika ubeti unaofuata, neno "ardhi" linafunga mshororo wa pili na wa nne. Wahariri wakabadilisha la pili kuwa "tuta". Hata kwetu kurudia neno lilelile kwenye kina huhesabiwa udhaifu, lakini nyumba inayoelezwa hapo ni kaburi, na neno linaporudi ndipo inapofukiwa.

Kwa hiyo, ukilikuta shairi hilo na kichwa "The Chariot", kilichobuniwa na wahariri hao, achana nalo. Toleo la usomaji la Franklin (1999) linatosha kwa kuanzia. Anayetaka maneno mbadala atafute la Cristanne Miller (2016), lililoyapanga pembeni mwa ukurasa.