Treda hulipwa kwa ukubwa wa fungu alilokabidhiwa

Mwaka 2008 ulianza kwa treda mmoja Mfaransa (treda ni mtu anayenunua na kuuza hisa, sarafu au bidhaa ili apate faida bei ikibadilika), Jérôme Kerviel, kuitia benki yake ya Société Générale hasara ya euro bilioni 4.9. Hasara zilikuwa nyingi mwaka ule, hiyo haikunishtua sana. Kilichonishtua ni kipato chake: mtu aliyekuwa akichezea mabilioni alikuwa anaondoka na chini ya euro 100,000 kwa mwaka, mshahara na bonasi vikiwa vimejumlishwa. Kwa mwaka huohuo, Andrew Hall, aliyekuwa akinunua na kuuza mafuta katika Phibro, kampuni ya benki ya Citigroup iliyokuwa Connecticut, Marekani, alistahili malipo ya takriban dola milioni 100. Citigroup yenyewe ilikuwa imeokolewa kwa fedha za walipa kodi. Wamarekani wakaja juu, na mwaka 2009 Phibro ikauzwa kwa kampuni ya mafuta ya Occidental.

Wote wawili walikuwa matreda. Hall mkataba wake ulimpa asilimia ya faida aliyoleta; Kerviel alisubiri wakubwa wakae waamue bonasi yake. Kwa hiyo mtu akiniuliza treda analipwa shilingi ngapi, namuuliza kwanza: treda yupi, yuko mji gani, na faida inagawanywaje?

New York ndiko kunakolipa zaidi, hilo halina ubishi mkubwa. Ofisi ya Mdhibiti wa Fedha wa jimbo hilo hutoa kila mwaka makadirio ya bonasi za Wall Street, na kwa 2024 wastani ulifika dola 244,700 kwa mtu, mshahara ukiwa kando. Ila wastani huo unawachanganya makarani na vigogo, na vigogo wachache wanaupandisha sana.

Ulaya mambo yana vituko vyake. Kuanzia 2014 Umoja wa Ulaya uliweka sheria kwamba bonasi ya mtu mwenye dhamana kubwa benki isizidi mshahara wake, au mara mbili yake wenye hisa wakiridhia. Benki zilifanya nini? Zikaanzisha posho, ambazo zenyewe hazikuziita bonasi! Mtanzania yeyote aliyewahi kufanya kazi serikalini angeweza kulitabiri hilo akiwa amefumba macho. Mwaka huohuo benki ya HSBC ilimpangia mkurugenzi wake mkuu posho ya hisa zenye thamani ya pauni milioni 1.7 kwa mwaka, nje ya mshahara. Waingereza, wakiwa wameshatoka kwenye Umoja, waliifuta sheria hiyo Oktoba 2023, na mwaka uliofuata benki ya Goldman Sachs ikaruhusu bonasi London kufika mara 25 ya mshahara. Paris na Frankfurt bado zimefungwa na kikomo kilekile.

Halafu kuna kodi, ambayo wanaolinganisha mishahara huisahau. Uingereza, kila pauni inayozidi 125,140 kwa mwaka inakatwa asilimia 45. Dubai mshahara haukatwi kodi ya mapato hata senti. Ndiyo maana mifuko mikubwa ya uwekezaji imefungua ofisi huko kwa kasi, na matreda wa London wanahama bila kubembelezwa.

Lakini bonasi na kodi ni juu juu tu. Chini yake kuna ukubwa wa fungu la fedha alilokabidhiwa treda. Chukua treda aliyekabidhiwa dola milioni 500 na mfuko unaompa asilimia 15 ya faida. Akizalisha asilimia 2 tu kwa mwaka, faida ni dola milioni 10, na yeye anabeba milioni moja na nusu. Mlete mtu huyohuyo Dar es Salaam, akili ileile na kompyuta ileile, umkabidhi shilingi milioni moja yake mwenyewe. Asilimia 2 ni shilingi elfu ishirini. Nauli ya mwezi haitoshi.

Hata anayefanya kazi hiyo benki hapa nchini, kitengo cha hazina kinachosimamia fedha za benki yenyewe, anabanwa na soko. Kuna siku kampuni kadhaa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam zinapita bila hisa hata moja kubadili mikono. Hatifungani za serikali, yaani hati za mkopo wa serikali, ndizo zenye fedha, na wanunuzi wake wakubwa, benki na mifuko ya pensheni, wengi wanazishikilia mpaka ziive, serikali ilipe deni. Huwezi kumlipa mtu kwa mizunguko isiyokuwepo, kwa hiyo analipwa kwa ngazi ya mshahara kama wenzake wa benki.

Mpwa wangu haya hayataki. Ana simu yenye mishumaa ya kijani na nyekundu, ile michoro ya bei kupanda na kushuka, ana kundi la Telegramu analolipia kila mwezi kupewa "signal", yaani kuambiwa lini anunue na lini auze, na mwalimu wake wa foreksi, biashara ya sarafu za kigeni, hupiga picha ameegemea Range Rover. "Mjomba, hawa jamaa wa Wall Street walianza hivihivi," ananiambia. Sivyo. Wa Wall Street anapoteza fedha za watu na mshahara wa mwezi ule anaupokea. Akizidi kuzipoteza, anafukuzwa. Mpwa wangu anapoteza zake, na hana mshahara. Kwa yule wakala anayemfungulia akaunti, yeye ni mteja tu, na kwa mwalimu wa Range Rover pia.

Mwaka 2018 ESMA, mamlaka ya Ulaya inayosimamia masoko ya mitaji, ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wadogo kwenye biashara ya aina hii hupoteza fedha. Tangu hapo kila wakala wa Ulaya analazimika kuandika kwenye tangazo lake asilimia ya wateja wake wanaopoteza, kwa tarakimu. Wasimamizi wetu hapa Afrika Mashariki wangeanza na hilo hilo: tarakimu hiyo ikae juu ya tangazo, kwa maandishi makubwa kuliko yale ya "Anza na dola 50".