Bodaboda kwake, marejesho kwangu

Jumatatu asubuhi nikiwa nafunga viatu vya kazini, simu ikalia. Ujumbe wa mama watoto wangu, maneno matatu: "Nimemaliza sofa leo."

Sofa lile tulilikopa dukani hapa Leicester, tukalikalia wote, tukagombania wote, na tulipoachana mwaka jana akalichukua yeye pamoja na deni lake. Mimi nikachukua gari na deni lake. Deni la kadi ya benki tukalikata nusu kwa nusu. Nilitabasamu peke yangu mpaka basi likaniacha. Nyie wa Moshi sijui kama mtanielewa: mtu kufurahi kwa sababu mtalaka wake kalipa deni!

Tulikaa kwa msuluhishi, mama mmoja mpole, miwani kaining'iniza shingoni kwa kamba. Hakuuliza nani kakosa. Uingereza tangu Aprili 2022 hata mahakama haiulizi. Alichotaka ni taarifa za benki za miezi 12, za kila mmoja, halafu akapiga mstari katikati ya ubao: huku mali, huku madeni. Kila deni lilipewa maswali mawili. Liko kwa jina la nani? Lilikula nini?

Hapo ndipo nilipotoka jasho. Nilikuwa nimekopa pauni 6,000 kimyakimya, nikajenga ukuta na geti kule kihambani, shamba letu la ukoo Old Moshi, ili Desemba nikishuka nami nionekane. Mama watoto hakujua. Akaniangalia, akasema kwa Kiswahili ili yule mama asisikie aibu yetu: "Geti la kuzuia nini, na migomba yenyewe imekauka?" Deni la geti likabaki kwangu. Haki kabisa, na ndilo ninalolilipa mpaka leo.

Najua mmeshaanza. "Kaenda Ulaya kajifunza kuachana." Ndoa yangu imevunjwa na mambo yaleyale yanayovunja ndoa Majengo na Pasua, baridi ya huku haina kosa. Wala sisemi huku ni peponi. Msuluhishi analipwa kwa saa, na saa yake inakimbia kuliko teksi. Benki nayo haina habari na makubaliano yenu: deni likiwa na majina mawili, mmoja akigoma, mwenzake anadaiwa lote. Na karatasi mliyokubaliana haina meno mpaka mahakama iipitishe.

Ila nina dada yangu Moshi, anauza ndizi Mbuyuni, na ndiye aliyenifanya nishike simu niandike haya. Alikopa shilingi 2,000,000 kwenye kikoba chao, kikundi cha kuweka na kukopa, akaongezea akiba yake, wakanunua bodaboda. Kadi ya pikipiki ikaandikwa jina la shemeji, maana ndiye dereva. Ndoa ikawashinda. Walipofika baraza la kata kusuluhishwa, wazee walimuuliza dada kama anapika, kama anachelewa kurudi sokoni, kama anamheshimu mama mkwe. Usuluhishi ukashindikana. Wakamwandikia hati yake, na kabla hawajanyanyuka wakagawa kabisa: vyombo na kitanda kwa mama, pikipiki kwa baba, kwa kuwa ni kazi yake. Aliponyoosha mkono kusema kuna marejesho, mzee mmoja alimjibu, "Hayo ni mambo yenu ya kina mama."

Shemeji sasa yuko Himo, anabeba abiria. Kila Jumatano wanawake wenzake na dada wanapiga hodi na lile daftari kubwa, mweka hazina mbele. Si watu wabaya, ni wadhamini wake, asipolipa wanalipa wao. Wiki aliyokwama walibeba friji. Wiki iliyofuata, kwa kuogopa wasibebe na kitanda, akaenda kukopa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, ili alipe kikoba. "Kaka," akaniambia, "bodaboda kwake, marejesho kwangu."

Na hapo msinijibu kwamba madeni kwenye talaka ni mambo ya Wazungu. Sheria ya Ndoa yetu Tanzania ni ya mwaka 1971. Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama, inapogawa mali, itazame madeni aliyonayo yeyote kati yao kama yalikopwa kwa faida ya wote wawili. 1971, jamani, mimi sijazaliwa! Kesi ya Bi Hawa Mohamed, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango kwenye mali. Hayo nimewasimulia watu wa huku kifua mbele, kwamba kwetu tuna sheria.

Tunayo, imelala kabatini. Baraza kazi yake ni kusuluhisha, na likishindwa litoe hati mwende mahakamani. Kugawa mali si kazi yake. Lakini wazee wetu wakishakaa na soda mezani wanagawa mpaka vijiko, kasoro deni. Mtaniambia wazee wana busara. Wanayo, ya ng'ombe na mipaka ya kihamba nawavulia kofia. Ila mzee asiyeuliza pikipiki ilinunuliwa na hela gani, busara yake kaiacha wapi siku hiyo?

Kuna atakayesema namtetea dada kwa sababu ni damu yangu. Ndiyo, ni damu yangu. Na mimi ndiye niliyeficha deni la geti, kwa hiyo usafi siudai. Bila ule ubao ningelificha mpaka leo, na nusu yake labda ingemwangukia mama watoto.

Dada amebakiza marejesho manne ya kikoba, kausha damu sijui hata tuihesabuje. Nimemwambia apige picha kila ukurasa wa daftari wenye jina lake, na amtafute aliyewauzia pikipiki aandike nani alimkabidhi hela. Mwezi ujao ni mahakama ya mwanzo. Shemeji ameshatuma ujumbe kwamba tunamwonea.

Nimemjibu, "Shemeji, njoo na kadi ya pikipiki."