Sukari ya Nyuki na Maneno ya Shemeji

Juzi nilituma picha kwenye grupu la familia, mifuko ya sukari imepangwa mpaka usawa wa kifua, chini nikaandika "chakula cha nyuki cha kipindi cha baridi". Basi, hapo nilijua ataulizwa mtaalamu, nyuki wanakulaje sukari, nijibu, nisifiwe kidogo. Kumbe nimechokoza. Shemeji wa kwanza kufika: "Yaani nyuki wanakula sukari, sisi huku chai kavu?" Shangazi akaweka kikatuni cha kulia. Baba mdogo ambaye huwa haandiki zaidi ya mstari mmoja akaandika mstari wake: "Asali mnakula nyie, nyuki mnawapa sukari, wizi huo." Na dogo mmoja ambaye mzinga ameuona kwenye kalenda akamalizia na ile ya siku zote, ushakuwa mzungu wewe.

Sawa. Najua sukari ilivyotutesa mwanzo wa 2024, pesa ya kilo mbili kwa mpesa nilikuwa naituma mimi, msinikumbushe. Ila naomba nijibu hapa kwa urefu, maana kule grupuni ukizidisha mistari mitano unaambiwa umetuma risala.

Niko Manitoba, huku Kanada katikati, na kila Septemba na Oktoba nafanya kibarua kwa mfugaji nyuki mmoja, pamoja na Wafilipino wawili ambao wanafanya kazi hadi naona aibu. Hii baridi msiifananishe na ya Makete au Njombe, ile unavaa sweta unakoka moto maisha yanaendelea. Huku Januari nyuzi 30 chini ya sifuri ni siku ya kawaida tu watoto wanaenda shule. Kuanzia Oktoba mwishoni mpaka Aprili hakuna ua, hakuna mdudu anayeruka, hakuna chochote cha kuliwa nje. Na nyuki hawalali miezi yote hiyo. Wanajikusanya bonge moja katikati ya masega, malkia ndani, wanatetemesha ile misuli ya mabawa bila kupiga mabawa yenyewe, ndo wanatoa joto. Walioko pembeni ya bonge wako kwenye nyuzi 10 hivi, malkia akianza kutaga tena mwishoni mwa baridi katikati panapanda hadi nyuzi 34 au 35, huku nje pua yako inaganda. Joto hilo lote linatoka kwenye chakula. Mzinga mmoja unatakiwa kuingia kwenye baridi na akiba ya kilo 30 na kitu, ukipungua Machi unafungua unakuta bonge limekufa vichwa vimezama kwenye vyumba vitupu vya sega, wakitafuta tone la mwisho. Nimeliona hilo. Sio kitu cha kupendeza.

Sasa baba mdogo kuhusu wizi. Asali tunachukua ndiyo, sikatai, biashara ni biashara. Ila asali ya huku nyingi ni ya kanola, zao la kukamua mafuta ya kula, yale mashamba ya njano mpaka macho yanauma, na asali yake inaganda haraka ikawa nyeupe ngumu kama samli, nyuki kwenye baridi anahangaika nayo. Halafu kuna jambo la choo, samahani mnaokula. Nyuki hanyi ndani ya mzinga. Anabana, wiki kwa wiki, mpaka ipatikane siku jua limechomoza na joto limepanda kidogo ndo anatoka mbio kujisaidia na kurudi. Sukari nyeupe haiachi makapi mengi tumboni, asali nyingine zinaacha, na nyuki akishindwa kubana akachafua ndani kundi zima linaumwa. Kwa hiyo tunachanganya sukari mbili kwa maji moja, uji mzito, tunawapa mapema wakati kuna joto ili waukaushe na kuufunika kwa nta wenyewe. Ile siku ya kutoka, ikiwa Februari au Machi, ukisimama karibu na mizinga theluji yote mbele inajaa vidoti vya njano na kahawia, na koti lako pia. Bosi wangu akiona hivyo anacheka peke yake, maana yake wako hai.

Sukari ndo sehemu rahisi kwanza. Mizinga inasogezwa minne minne mgongo kwa mgongo, inafungwa godoro la kuzuia baridi na plastiki nyeusi juu yake, mlango wa chini unabanwa panya asiingie akajenga, na juu tunaacha kitundu. Nilibisha sana kuhusu hicho kitundu, nikasema jamani si mnatoa joto nje? Nikaelezwa kwamba nyuki wakihema mvuke unapanda, ukigonga mfuniko wa baridi unakuwa maji, maji yanawadondokea, na nyuki mkavu anavumilia baridi kuliko nyuki aliyelowa. Wengine wanaingiza mizinga yote ghalani, giza totoro, feni zinazunguka, nyuzi 4 au 5 muda wote mpaka Aprili. Na kabla ya hayo yote kuna vita ya utitiri, varoa, kidudu kinachong'ang'ania mwilini mwa nyuki na kumnyonya, kwa sababu nyuki wa baridi, wale wanaozaliwa Agosti na Septemba ambao wataishi miezi sita badala ya zile wiki sita za kiangazi, wakizaliwa wameshanyonywa na utitiri hawafiki hata Krismasi.

Hapa ndo penye hoja yangu, na najua itanitoa kwenye mirathi. Sisi kwetu Sikonge, Tabora, tunajiita wafugaji nyuki. Tunafuga nini? Tunachuna gome la mti wa mtundu, mti unakufa, tunashona mzinga, tunapaka nta kidogo ndani, tunatundika juu, tunaondoka. Nyuki akiingia mwenyewe Mungu amebariki. Tunarudi mvua zimeisha, usiku, na kienge kinawaka, nusu ya nyuki wanaungua, tunang'oa masega yote, yenye asali, yenye chavua, yenye majana, wale watoto wa nyuki weupe, yote kwenye ndoo. Asubuhi tunauliza kwanini mzinga umehamwa. Halafu tunasema ni siafu. Au nyegere. Nyegere masikini amebeba lawama nyingi nchi hii.

Haya, semeni. Ninasikia mtu anasema "kwa hiyo wazungu wanapenda nyuki kuliko sisi". Hapana bwana, tulia. Wafugaji wengi wa nyanda hizi hizi walikuwa wanaua nyuki wao wote kila mwaka ikifika majira ya kupukutika majani. Wanaua makusudi, wanakamua asali yote, halafu mwezi wa nne wananunua nyuki wapya kwenye maboksi kutoka kusini ya Marekani. Ilikuwa nafuu kuliko kuwalisha. Mwaka 1987 Kanada ikafunga mpaka kwa hayo maboksi kwa kuogopa utitiri, ndo wakalazimika kujifunza kwa nguvu kuvusha nyuki kwenye baridi. Mapenzi hapo yako wapi? Hesabu tu. Na hesabu yenyewe inawakataa, mwaka 2022 karibu nusu ya makundi ya nyuki Kanada nzima hayakufika majira ya kuchipua, pamoja na sukari, magodoro, dawa na masemina. Kwa hiyo sijasema huku ni peponi.

Ninachosema ni kwamba nyuki wa huku hana pa kwenda. Akiachwa na njaa Novemba, anakufa hapo hapo na bosi anaikuta maiti, anaihesabu, anaiandika kwenye daftari, hasara ina namba. Nyuki wa kwetu ukimfanyia ubaya anahama, anapita juu ya msitu anatafuta pango au mti wenye uwazi, na wewe unabaki unaangalia mzinga mtupu unasema hawajaingia msimu huu. Hatujawahi kuona hasara yetu kwa sababu inaruka. Ndo maana mtu ana mizinga mia mbili na hajui mingapi ina nyuki, na anajibu kwa kujiamini kabisa "mingi".

Shemeji najua unachoandika saa hizi, "na wewe si ulihama?" Nilihama ndiyo. Endelea kusoma.

Maana upande wa pili pia nina la kusema na hili namwambia bosi wangu kila siku anachoka. Hiyo varoa inayowatoa jasho hawa iko Tanzania na Kenya pia, ilishaonekana huko tangu 2009 hivi, na nyuki wetu wanaishi nayo bila tone la dawa. Wakali, sawa, watakutimua mpaka mtoni, lakini wanajiweza. Na asali ya miombo, misitu yetu ya huko, ile nyeusinyeusi inayokwaruza koo, nikionja hii ya kanola naona kama nimelamba sukari ile ile niliyobeba mgongoni. Nilimwonjesha bosi kijiko kimoja akanyamaza, akaomba cha pili, mimi nikafunga chupa.

Kwa hiyo wale wanaonitumia ujumbe pembeni nije na malkia wa Kanada eti wapole, hapana, siji naye. Kwanza sheria, pili ataliwa na maisha ya kule kabla sijafungua begi. Nikija Desemba nakuja na mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano, na daftari. Tutapita mizinga ya babu mchana, tutapima mmoja mmoja, tutaandika upi una nyuki na upi ni gogo tu. Tukirina, yenye majana hatugusi, na sega mbili za asali zinabaki ndani kwa ajili ya ule wakati mvua inashika kutwa nyuki hawawezi kutoka. Dogo ataandika, maana yeye mwandiko wake unasomeka. Baba mdogo ndo anajua ngazi iko wapi.