Mboga za majani peke yake hazitoshi

Kuna mwandishi kasema eti mama akila mboga za majani kila siku hana haja ya vidonge vya asidi ya foliki kwa vile ni vitamini ya kiwandani, hapo sikubaliani nae kabisa. Ni kweli hiyo ni vitamini B9 ya kutengenezwa lakini mwili unaifyonza vizuri kuliko ile ya kwenye mboga, na angalieni tunavyopika huku Uyole, Mbeya, majani ya maboga yanachemshwa mpaka yanalegea, yale maji ya kijani yanamwagwa ndo tunaunga na karanga, vitamini si imeenda na maji jamani! Unga wa viwanda vikubwa unawekewa virutubisho ila wengi tunasaga mahindi yetu mashine ya mtaani, hakuna kinachoongezwa. Na kinachoniuma zaidi ni muda, vitamini hii ndo inasaidia mgongo wa mtoto ujifunge vizuri, na unajifunga ndani ya wiki nne za mwanzo za mimba, wengi hapo hata hawajajua wana mimba, wanaanza kliniki mimba ina miezi mitatu minne, ndo wanapewa vidonge vya damu vyenye asidi ya foliki, wakati mgongo wazi, yaani mgongo wa mtoto usiojifunga, kama upo ulishatokea zamani. Zinatakiwa mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku kabla ya kushika mimba. Hivi huko kwenu Mafinga, Tukuyu, kuna zahanati inayowapa wanawake vidonge hivi mapema au mpaka uwe na kadi ya kliniki?