Diwani mkongwe na shimo la barabarani

Uchaguzi ukikaribia hapa Mbeya, swali vijiweni huwa lile lile: huyu diwani amekaa vipindi vitatu, vinne, ametufanyia nini? Na ushahidi wa kumtia hatiani ni shimo la barabarani. Mimi naona hapo tunamwonea, na papo hapo tunamwachia akwepe hesabu anayodaiwa kweli.

Aliyeingia barazani mwaka 2005 alikuta barabara za mitaa zikiwa mikononi mwa halmashauri. Mwaka 2017 ikaja TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, zikaondoka. Kodi ya majengo ikapelekwa TRA, mamlaka ya mapato, na tangu 2021 tunakatwa kwenye LUKU, tunaponunua umeme. Maji yana mamlaka yake. Ile njia nne ya kutoka Nsalaga kwenda Ifisi ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Lakini mama wa kata ya Ilemi, maji ya masika yakiingia ndani kwake, hampigii meneja wa TARURA, anampigia diwani. Naye hathubutu kusema "hiyo si kazi yangu", maana akisema hivyo amekwisha. Anatoa ahadi, anachangia msiba, anachangia harusi, kwa posho ya mwezi ambayo kwa miaka mingi ilisimama kwenye shilingi 350,000.

Sasa kipi ni chake? Fedha. Baraza linakaa kila robo mwaka, na kabla yake kamati zimeshapitia mapato na matumizi: ushuru wa masoko, leseni, mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hapo ndipo ukongwe una thamani. Mkurugenzi anateuliwa na Rais, anakaa, anahamishwa. Wakuu wa idara nao leo wako hapa, kesho Iringa. Anayebaki ukumbini akikumbuka tulifikaje hapa ni diwani wa siku nyingi.

Chukua soko la Mwanjelwa, hapa jijini. Liliungua mwaka 2006, jipya likajengwa kwa mkopo wa benki, wafanyabiashara wakasubiri miaka. Deni la namna ile haliondoki na mkurugenzi aliyehamishwa; linabaki kwenye bajeti ya jiji. Aliyekuwemo barazani wakati ule anajua mkopo ulielezwaje, nani alihoji masharti na nani alikaa kimya. Diwani mgeni akiletewa mradi mwingine wa mkopo atasoma kabrasha usiku mmoja na kunyoosha mkono. Mkongwe hana kisingizio hicho.

Ila wengi wao (hapa nitawaudhi watu) wamezoea mno. Wanajua kwamba mambo huamuliwa kwenye kikao cha madiwani wa chama kabla ya baraza, na wakifika ukumbini kazi imebaki kuafiki hoja. Mbeya tumeona baraza likienda Chadema mwaka 2015 na kurudi CCM mwaka 2020, na bado mazoea hayo hayana chama. Sheria haiwekei udiwani ukomo wa vipindi, nami sitaki iuweke. Tungepoteza hata wale wachache wanaouliza maswali. Ninachotaka ni sisi tuache kuwasifu kwa kuhudhuria misiba.

Vikao vya baraza viko wazi kwa wananchi, ni haki ya kisheria kuingia na kusikiliza. Ni wangapi kati yetu tumewahi kuingia? Tunangoja mkutano wa hadhara, anapanda jukwaani, tunamuuliza lami, anatuahidi lami.

Swali langu kwa diwani wa kwetu nimeshaliandaa, na halina lami. Ile mikopo ya asilimia 10 ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya malalamiko ya fedha kutorejeshwa. Kabla ya hapo ni vikundi gani vya kata yetu vilikopeshwa, na vipi vimerudisha? Kamati ya Maendeleo ya Kata mwenyekiti wake ni yeye, na alikuwa yeye miaka yote hiyo. Aje na orodha.