Semeni jina la Choi Hong Hi

Wiki iliyopita mpwa wangu aliniletea karatasi ya historia waliyopewa klabuni kwao waikariri kabla ya mtihani wa mkanda mwekundu. Ni ukurasa mmoja. Unaanza na michoro ya makaburi ya Goguryeo, ufalme wa kale wa Korea, unasema taekwondo ina miaka elfu mbili, kisha unaruka hadi 1973, shirikisho la dunia lilipoundwa Seoul. Hapo katikati hakuna mtu. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyetajwa kwa jina. Mtoto anapiga teke la kuzunguka safi kabisa, na anaamini mchezo anaoupenda uliota wenyewe milimani kama uyoga.

Nimekasirika, na hasira yangu ina jina: Choi Hong Hi, jenerali aliyeipigania taekwondo hadi ikapata jina lake.

Huyu alizaliwa mwaka 1918 huko Myongchon, upande ambao leo ni Korea Kaskazini, nchi nzima ikiwa koloni la Japani. Mwenyewe alisimulia kwamba usiku mmoja kabla ya kusafiri kwenda Japani kusoma, alikaa kwenye kamari na mwanamieleka wa kijijini, akapoteza pesa zote alizopewa na mama yake. Akamrushia yule jamaa chupa ya wino usoni, akachukua pesa, akakimbia. Alipofika Kyoto akaanza karate, maana alijua siku ya kurudi nyumbani kuna mtu anamsubiri. Anasema alikuwa akizipiga nguzo za simu kwa mikono na miguu huku akimfikiria yule mwanamieleka.

Mtoto wa miaka kumi na tatu angeisikiliza hadithi hiyo mdomo wazi. Badala yake anakariri makaburi.

Halafu vita. Wajapani wakamwingiza jeshini kwa nguvu kama vijana wengine wengi wa Kikorea. Akashiriki njama ya kutoroka na kuasi, wakakamatwa, akatupwa gerezani Pyongyang. Hukumu ya kifo ilikuwa inanukia. Kilichomwokoa ni Agosti 1945, Japani iliposalimu amri. Baadaye akawa jenerali katika jeshi la Korea Kusini, akawafundisha askari wake, na mmoja wao, Nam Tae Hi, alivunja vigae 13 kwa ngumi moja mbele ya Rais Syngman Rhee. Mwaka 1955 Choi ndiye aliyelisimamia jina la taekwondo hadi likapita. Mwaka 1966 akaunda shirikisho la kwanza la kimataifa, pale pale Seoul. Alipokuwa balozi Malaysia, taekwondo ilifika naye huko. Timu zake za maonyesho zilizunguka nchi kwa nchi wakati watu wengi duniani hawajui hata Korea iko wapi.

Mtu huyo ndiye anayerukwa.

Sababu ninazijua, na zote mbili ni aibu za watu wazima ambazo wanabebeshwa watoto. Ya kwanza ni Japani. Lee Won Kuk, aliyefungua shule ya Chung Do Kwan mwaka 1944, alijifunza karate Tokyo kwa mwalimu mkubwa Funakoshi Gichin. Ro Byung Jick wa Song Moo Kwan, vilevile. Shule nyingi za mwanzo zilianzishwa na watu waliosoma kwa mkoloni, wakarudi nyumbani na walichokipata, wakakifinyanga upya: mateke yakapanda juu, mwendo ukabadilika, wanafunzi wakaongeza yao. Ndani ya kizazi kimoja kikawa kitu ambacho Mjapani mwenyewe hakijui. Mimi hapo naona ushindi. Wazee wetu wa Mombasa na Lamu walichukua tarumbeta na gwaride la Wazungu wakatoa beni, na sijasikia mtu mwenye akili timamu akisema beni si ngoma yetu. Kwa nini basi mtoto afichwe kwamba walimu wake wa Kikorea walifanya kazi kubwa na ngumu kiasi hicho? Watu waliolazimishwa hata kubadili majina yao wakachukua majina ya Kijapani, walinyang'anya ujuzi wa bwana wao wakaujengea nyumba yao wenyewe. Miaka elfu mbili ya kubuni haifikii nusu ya uzito wa jambo hilo. Na anayetaka ya kale kweli amtaje Song Duk-ki, aliyeishi hadi 1987 akiilinda taekkyeon, mchezo wa mateke wa jadi ya Kikorea, mpaka ikapata wa kuipokea. UNESCO iliitambua mwaka 2011.

Aibu ya pili ni siasa. Choi aligombana na utawala wa Rais Park Chung-hee wa Korea Kusini, na mwaka 1972 akakimbilia Kanada na shirikisho lake. Mwaka uliofuata Seoul ikaunda jingine. Mwaka 1980 akapeleka taekwondo Korea Kaskazini, na kwa Kusini ile ya vita baridi huo ulikuwa usaliti usiosameheka. Jina lake likawa la kunong'ona. Alifia Pyongyang mwaka 2002, akazikwa kwa heshima huko huko. Alikuwa mtoto wa kaskazini aliyerudi kaskazini, na mpaka uliochorwa na watu wengine ukamfanya msaliti upande mmoja na shujaa upande wa pili.

Sisemi alikuwa malaika. Alikuwa mkali, hapendi kupingwa, na alijigamba kupita kiasi. Ile hadithi yake kwamba mwalimu wa maandishi alimfundisha taekkyeon utotoni, watafiti kadhaa hawaipokei. Na liko kosa linaloniuma zaidi. Miongoni mwa mifumo yake ya mazoezi ulikuwemo Ko-Dang, uliobeba jina la heshima la Cho Man-sik, mzalendo wa kaskazini aliyezuiliwa na wakomunisti asionekane tena. Baada ya Choi kusogea karibu na Pyongyang, Ko-Dang ukaondolewa ukawekwa Juche, jina la itikadi ya utawala wa Kaskazini. Yaani mtu aliyefutwa naye alikubali mwenzake afutwe. Nalisema kwa sababu nikilificha nitakuwa nimeandika karatasi ileile iliyoniudhi.

Nakubali pia, ingawa kwa shingo upande, kwamba bila Kim Un-yong, rais wa kwanza wa shirikisho lile la 1973, na watu wake wa Seoul tusingeiona taekwondo ikitolewa medali za Olimpiki kuanzia Sydney 2000. Cheick Cissé asingeipa Côte d'Ivoire dhahabu yake ya kwanza kule Rio mwaka 2016, kwa teke la sekunde ya mwisho kabisa. Faith Ogallo asingeipeperusha bendera ya Kenya Tokyo. Kazi hiyo ni yao, wapewe haki yao. Lakini haki ya Kim haihitaji kaburi la Choi ndipo isimame.

Wako na wengine wanaostahili kusimuliwa. Hwang Kee wa shule ya Moo Duk Kwan, mfanyakazi wa reli aliyekataa kumezwa na shirikisho lolote. Jhoon Rhee, aliyewavalisha dobok, sare ya taekwondo, wabunge wa Marekani. Mas Oyama, ambaye dunia nzima inamjua kama Mjapani wa karate ya Kyokushin, kumbe ni Choi Yeong-eui, mzaliwa wa Gimje. Na Choi Yong-sool wa hapkido, mchezo mwingine wa mapigano wa Kikorea, ambaye mwaka 1948 alikwenda kwenye kiwanda cha pombe mjini Daegu kutafuta makapi ya nafaka ya kulishia nguruwe wake. Ugomvi ukazuka kwenye foleni, akawaangusha waliomvamia mmoja baada ya mwingine. Mtoto wa mwenye kiwanda, Suh Bok-sub, mwenye mkanda mweusi wa judo, alikuwa dirishani anatazama. Akamwita juu, akamwomba amfundishe. Hapkido ikaanzia hapo, kwenye makapi ya nguruwe.

Wakorea wenyewe wameanza kulegea. Mashirikisho mawili, la Choi na la Seoul, yalitia saini makubaliano Nanjing mwaka 2014, na mwaka 2018 kule Pyeongchang wachezaji wa pande zote mbili walionyesha pamoja jukwaa moja. Klabu ya huku kwetu, isiyodaiwa chochote na Seoul wala Pyongyang, inamwogopa nani?

Nina ombi kwa wakubwa wangu wa mikanda, mlioanza miaka ya sabini na themanini. Walimu wa Kikorea walitumwa na serikali zao kote Afrika, na waliofika wengi wao hawajaandikwa popote. Shikamooni, wazee wangu. Ikiwa mmoja wao alikushika mkono akakunyoosha ngumi, andika jina lake, alitoka shule gani, nani alimfundisha, alikuwa anakula wapi, aliondokaje. Au chukua simu ujirekodi unaongea. Nitumieni, nami nitayaweka hapa kama mlivyoyasema, na magomvi yake yote.